Jinsi ya kumfundisha mtoto wakati na saa (usianzie kwenye saa ya ukutani)

Wengi wetu tukitaka kumfundisha mtoto mambo ya saa tunaenda moja kwa moja ukutani, tunaishusha saa, tunaanza "huu mshale mfupi, huu mrefu", baada ya muda mtoto kachoka na we mwenyewe ushapandisha sauti. Ishu ni kwamba saa ya mishale ni somo la mwisho mwisho. Angalia lilivyo gumu: mishale miwili inakwenda kwa spidi tofauti juu ya namba zile zile, ile 3 ikiguswa na mshale mrefu ni dakika 15, ikiguswa na mfupi ni saa, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hata hiyo saa yenyewe hatuiiti tatu, tunaiita tisa! Mtu mzima keshazoea haoni tatizo, mtoto yeye anakutana nayo yote kwa mpigo.

Mi naona kuna wazo moja tu ambalo mtoto akilishika mengine yote yanafata, nalo ni hili: ukitaka kupima wakati, tafuta kitu kinachojirudia vile vile kila mara, alafu hesabu kimejirudia mara ngapi. Basi. Jua linarudi, mwezi unarudi, jiwe kwenye kamba linakwenda na kurudi, na ndani ya saa ya betri kuna kitu kinatetemeka. Haya mengine ni kuhesabu tu. Kwa hiyo twende taratibu, na usifanye yote wiki moja, hii ni safari ya miaka.

Wadogo kabisa: mpangilio kwanza, namba baadae

Mtoto wa miaka mitatu minne hahitaji kujua saa ngapi, anahitaji kujua nini kinatangulia na nini kinafata. Maneno ya kumjaza kichwani ni kabla, baada, bado, tayari, kwanza, mwisho. Chora picha tano za siku yake, anaamka, anapiga mswaki, anacheza, anaoga, analala, zichanganye alafu mwambie azipange. Akishaweza, we zipange makosa makusudi, analala kabla ya kuamka, uone atakavyokucheka. Mtoto anayekukosoa hapo kashaelewa.

Utagundua pia kwa mtoto mdogo "jana" ni kitu chochote kilichopita, hata kama kilitokea mwaka jana, na "kesho" ni chochote kinachokuja. Ni kawaida tu, hajadanganya, we mrudishie sentensi ikiwa sawa ("ee, siku nyingi zilizopita tulienda") uendelee na maongezi.

Kinachosaidia hapa ni kamba ya siku. Funga kamba ukutani, ning'iniza karatasi moja kwa kila siku, kibanio kimoja cha nguo kiwe ndo "leo". Kila asubuhi mtoto mwenyewe anakisogeza. Nyuma ya kibanio kuna jana na juzi, mbele kuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na nakuhakikishia hilo la mwisho atalipenda kuliko yote. Kama kuna jambo analisubiri kwa hamu, lichore kwenye karatasi ya siku yake, ataacha kukuuliza "ni leo?" kila akiamka, au basi atapunguza.

Na vipande vya siku vipe majina yake, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, kila kimoja na tukio lake, alfajiri bado giza giza, alasiri vivuli vinaanza kurefuka. Kwenye Kiswahili haya majina tutayahitaji sana mbele, maana saa mbili peke yake haitoshi mpaka useme ya asubuhi au ya usiku.

Urefu wa muda: dakika ina ukubwa gani

Kabla mtoto hajasoma dakika kwenye saa anatakiwa aijue dakika mwilini. Mchezo rahisi: wote mnafumba macho, mmoja anashika simu yenye taima, anayedhani dakika moja imeisha ananyoosha mkono bila kusema kitu. Mara ya kwanza watoto wengi wananyoosha mapema mno. Rudieni, safari hii mkiwa mnacheza mpira au mnaimba, alafu muulize kwa nini dakika ya kukaa kimya ilionekana ndefu kuliko ya kucheza wakati taima ni ile ile. Hapo ndo anaona sababu ya kuwa na kipimo nje ya kichwa chake, maana hisia zinadanganya.

Jipimieni na vitu vingine: kuvaa viatu inachukua sekunde ngapi, kuoga dakika ngapi. Muhimu akisie kwanza alafu ndo mpime, sio mpime tu. Bila kukisia ni kuangalia namba zikipita.

Kama unachagua kifaa kwa ajili ya mtoto mdogo, chukua chupa ya mchanga (ile yenye kiuno chembamba, mchanga unashuka taratibu toka juu kwenda chini) kabla ya taima ya simu. Taima inamwonyesha namba zinabadilika na namba bado hazimwambii kitu, ila mchanga anauona kabisa huu umebaki, huu umeshuka, muda unakuwa kitu cha kutazama.

Alafu hapa wazazi tusemezane kidogo. "Nakuja dakika tano" zetu huwa ni ngapi? Mtoto anajifunza dakika tano kutokana na dakika tano anazopewa, ukimwambia dakika tano ukarudi baada ya nusu saa basi kwake nusu saa ndo dakika tano. Kipindi hiki cha kujifunza kama hujui utachukua muda gani sema "nikimaliza kufua nakuja", hiyo ni kweli na ataielewa vizuri zaidi.

Sasa pimeni wakati bila saa

Hii ndo sehemu ninayoipenda na ndo pa kukaa muda mrefu, kuanzia kama miaka sita hivi mpaka kumi na moja.

Anza na kivuli. Chomeka kijiti kilichonyooka kwenye ardhi tambarare panapopata jua siku nzima, kila baada ya saa moja (simu itawakumbusha) wekeni kijiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Mwambie mtoto asilitazame jua lenyewe, macho yanaumia, sisi shida yetu ni kivuli. Mtaona asubuhi kivuli kinalala magharibi, kinafupika, jua likiwa juu kabisa kinakuwa kifupi kuliko vyote, alafu kinaanza kurefuka kuelekea mashariki. Kesho yake mtoto anaweza kusoma saa kwa vijiwe. Viacheni hapo hapo, rudini baada ya miezi miwili mitatu mkague tena, ncha za vivuli hazitaangukia tena kwenye vijiwe, kwa sababu njia ya jua angani inahama kwa kadiri mwaka unavyokwenda. Sehemu za karibu na ikweta kuna siku mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa na kijiti kinakosa kivuli. Na kama mtoto anapenda kuuliza uliza, mwambie mishale ya saa inazungukia upande ule inaozungukia kwa sababu saa za mishale zilianzia nchi za kaskazini, na kule kivuli cha jua kinazunguka hivo hivo. Upande wa kusini wa dunia, mbali na ikweta, kinazunguka kinyume.

Hapo lazima litakuja swali la jua linakwenda wapi usiku. Zimeni taa, washa tochi iwe ndo jua, mtoto yeye awe ndo dunia, asimame katikati ya chumba ajizungushe taratibu kwenda kushoto kwake. Tochi "inachomoza" upande wa kushoto, inapita mbele yake, "inazama" kulia, kumbe haijasogea hata kidogo. Mzunguko wake mmoja ni siku moja. Kitu kinachojirudia hapo ni dunia.

Ikija siku ya mawingu kivuli hakuna, usiku ndo kabisa, kwa hiyo watu wa zamani walitafuta njia nyingine. Chukua chupa ya plastiki, toboa tundu dogo sana karibu na kitako, jaza maji, yadondokee kwenye beseni. Kila dakika pigeni mstari na kalamu pale maji yalipofika. Mtoto anategemea mistari iwe na nafasi sawa sawa na haitakuwa! Juu mistari itaachana mbali, chini itabanana, kwa sababu maji yakiwa mengi yanasukuma kwa nguvu zaidi, yakipungua yanatoka kivivu. Usimwambie mapema, mwache akune kichwa kwanza. Wamisri waliliona tatizo hilo hilo, kuna chombo cha saa ya maji kilichopatikana Karnak, Misri, cha zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, kuta zake zimelala, juu kipana chini chembamba, ili usawa wa maji ushuke kwa mwendo unaokaribia kulingana. Muulize mtoto kabla hujamwambia: we ungetengeneza chupa ya umbo gani?

Ya tatu ni kamba na jiwe, na kama una muda wa kufanya moja tu basi fanya hii. Funga nati ya chuma au kijiwe kwenye uzi, ning'iniza sehemu isiyotikisika, pima uzi kutoka pale juu ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe uwe sentimita 25. Vuta kidogo pembeni, achia. Kwenda na kurudi inachukua sekunde moja, karibu kamili kabisa. Hesabuni mara 30, mtu mwingine ashike taima, mtapata sekunde 30 au hapo hapo.

Sasa muulize: nikiweka jiwe zito zaidi, itakwenda haraka? Karibu kila mtoto atasema ndiyo. Jaribuni. Haibadiliki. Nikilivuta mbali kidogo zaidi je? Halibadiliki kwa kiasi cha kuona (ila usilivute mpaka likakaribia dari, hapo mambo yanabadilika). Kinachobadilisha ni urefu wa uzi peke yake. Na hapa kuna mtego mwingine mtamu, ukitaka iende taratibu mara mbili, yaani sekunde mbili kwenda na kurudi, uzi hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, mita moja nzima. Mtoto wa miaka kumi aachie agundue mwenyewe, ajaribu sentimita 50 aone haijafika, aongeze, aongeze.

Mtaliano Galileo Galilei ndo alilichunguza hili vizuri, na mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens akalifunga jiwe la namna hiyo kwenye saa. Kabla ya hapo saa za magurudumu ya meno zilikuwa zinapotea hata robo saa kwa siku, baada ya hapo zikashuka mpaka chini ya dakika moja. Ndo maana saa nyingi za zamani zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Mshale wa dakika ungekuwa na kazi gani kwenye saa inayokosea robo saa?

Kwa nini 12, kwa nini 60

Atakuuliza tu, hasa akishajua kuhesabu kwa kumi kumi. Mwambie anyooshe mkono mmoja, kwa kidole gumba ahesabu vipande vya vidole vinne vilivyobaki, kila kidole kina vipande vitatu, jumla 12. Sasa kila akimaliza 12 akunje kidole kimoja cha mkono wa pili, mkono wa pili ukiisha ni 60. Hapo hapo mkononi pana namba zote mbili. Wamisri wa kale waligawa mchana mafungu 12 na usiku mafungu 12, na mtindo wa kuhesabu kwa sitini ulitoka Babeli.

Alafu mpe vijiti 60 agawe mafungu yaliyolingana. Vinagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Chukueni 100 mjaribu kugawa kwa tatu, vinabaki. Wafaransa waliwahi kujaribu, mwaka 1793 baada ya mapinduzi yao, siku ikawa na saa 10, saa ikawa na dakika 100, haikufika hata miaka miwili wakaacha kulazimishana.

Haya, saa ya ukutani sasa

Fata njia ile ile ya historia, anza na mshale mmoja. Chukua saa mbovu au tengeneza ya boksi, mshale wa dakika utoe kabisa weka pembeni. Watu wengi wanashangaa ukiwaambia mshale mfupi peke yake unatosha kukwambia saa kwa kukadiria, ukiwa juu ya namba ni saa kamili, ukiwa katikati ya namba mbili ni nusu, ukiwa umeipita kidogo tu ni kama robo hivi. Mtoto akae na mshale huo mmoja wiki kadhaa mpaka azoee kwamba saa inasomwa kwa ile namba iliyokwisha pitwa, sio inayofatia. Hili likipita vizuri makosa mengi ya baadae hayatokei.

Kuhusu hesabu yetu ya Kiswahili, njia ninayoona inaeleweka haraka ni ya "ng'ambo": namba ya saa ni ile inayotazamana na mshale mfupi upande wa pili. Mshale upo 7, ng'ambo yake ni 1, saa moja. Upo 12, ng'ambo ni 6, saa sita. Upo 10, ng'ambo ni 4, saa nne. Unaweza kuuongezea mshale mkia wa karatasi uende mpaka ng'ambo, mtoto anasoma mkia. Sababu yake umpe pia, sisi tunaanza kuhesabu pale siku inapokucha, saa la kwanza la mchana likitimia ni saa moja, na giza likiingia tunaanza upya, ni hesabu yenye mantiki yake kabisa wala sio kwamba tumepindua. Ila namba zilizochorwa kwenye saa zinaanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, ndo pengo la saa sita linapotokea.

Kwenye saa ya simu inayoonyesha mpaka 23 mtoto wa darasa la tatu la nne anaweza kufanya kwa hesabu. Toa sita: 09:00 ni saa tatu, 13:00 ni saa saba. Ikizidi kumi na mbili toa tena kumi na mbili, kwa hiyo 20:00 inakuwa 14, alafu mbili, saa mbili usiku. Kama namba ni ndogo huwezi kutoa sita, jumlisha sita, 02:00 ni saa nane usiku. Na 06:00 na 18:00 ukitoa unapata sifuri au kumi na mbili, zote ni saa kumi na mbili, moja asubuhi moja jioni. Mpeni mazoezi ya ratiba ya basi au ndege, ni hapo watu wazima wenyewe wanapokosana.

Ukishamaliza ndo urudishe mshale mrefu. Ushauri wangu utumie rangi, mshale mfupi rangi moja na namba zake rangi hiyo hiyo, mshale mrefu rangi nyingine, na dakika (5, 10, 15, 20...) uziandike kwenye duara la karatasi pembeni kwa rangi yake. Mtoto awe kashajua kuhesabu kwa tano tano, kama hajajua subiri, hakuna haraka. Mwambie siku zote asome mfupi kwanza ndo mrefu.

Nusu na robo zifundishe kwa kukunja duara la karatasi, sio kwa namba. Kasoro ndo inasumbua kidogo, maana kwenye saa mbili kasorobo mshale mfupi bado haujafika mahali pa saa mbili na sisi tayari tunaitaja saa mbili. Mi naiacha mpaka mtoto aweze kusema "saa moja na dakika arobaini na tano" bila kusita, alafu ndo namwonyesha kwamba zimebaki kumi na tano zifike mbili. Ukizileta zote pamoja anachanganyikiwa bure.

Kalenda

Siku ni dunia kujizungusha, mwaka ni dunia kulizunguka jua, na mwezi (wa kwenye kalenda) chanzo chake ni mwezi wa angani, ambao kutoka mwandamo mpaka mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Mtoto aangalie mwezi kila jioni achore umbo lake, miezi miwili ya kuchora inatosha aone unajirudia. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, mwaka wa jua ni 365, tofauti ni siku 11, ndo maana Ramadhani kila mwaka inawahi kwa takriban siku 11 kwenye kalenda ya kawaida. Hii sababu watu wazima wengi hawaijui, kwa hiyo usishangae mtoto akimfundisha bibi yake.

Kukumbuka miezi yenye siku 31 tumia ngumi: Januari kwenye fundo la kidole, Februari bondeni, Machi fundo, mpaka Julai fundo la mwisho, Agosti unaanza tena fundo la kwanza. Mafundo yote ni 31.

Mwaka mrefu nao una hesabu yake nzuri. Dunia haimalizi mzunguko kwa siku 365 kamili, inatumia na saa karibu sita zaidi, ukikusanya miaka minne ni karibu siku moja, inapachikwa kama tarehe 29 Februari. Mpango huo uliwekwa na Julius Caesar, ukaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo. Lakini "karibu sita" sio sita, zinapungua dakika kama 11, na dakika 11 kila mwaka kwa karne nyingi ni siku nzima nzima. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akarekebisha, tarehe 4 Oktoba ikafatiwa na tarehe 15 Oktoba, na kuanzia hapo miaka inayoishia na sifuri mbili haipewi siku ya ziada mpaka igawanyike kwa 400. Kwa hiyo 1900 haikupewa, 2000 ilipewa, 2100 haitapewa.

Kama ana hamu ya sayari mtoe nje kidogo: Mirihi inatumia siku zetu 687 kulizunguka jua, mtoto wa miaka minane angekuwa huko na miaka minne na kidogo. Zuhura inajizungusha polepole mno, siku zetu 243, na kulizunguka jua siku 225 tu, yaani huko inamaliza mwaka kabla haijamaliza kujizungusha mara moja.

Saa ngapi huko kwa wengine

Tumia mpira na ile tochi. Bandika kikaratasi cha "sisi" upande mmoja na kingine cha "wao" ng'ambo, zungusha mpira, sisi tukipata mwanga wao wako gizani. Duara zima ni nyuzi 360, kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi 15 ni saa moja. Hapo kwa mtoto mdogo panatosha. Mkubwa mwambie mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington wakakubaliana mstari wa kuanzia kuhesabu upite Greenwich, Uingereza, na mwambie pia mipaka ya saa sio myoofu kwa sababu kila nchi inajiamulia. Samoa, nchi ya visiwa huko bahari ya Pasifiki, iliamua kuhama upande wa mstari wa tarehe (mstari ambao ukiuvuka tarehe inabadilika), wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo. Waliotakiwa kusherehekea siku ya kuzaliwa hiyo tarehe 30 ilikuaje? Waachie hilo swali walijadili wenyewe.

Ndani ya saa ya betri

Kwenye saa nyingi za betri kuna kipande kidogo cha kwatzi (aina ya jiwe linalofanana na kioo) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mpe mtoto kikokotoo, agawe 32,768 kwa mbili, jibu agawe tena kwa mbili, aendelee. Akigawa mara kumi na tano anafika 1. Saa yenyewe inafanya hivo hivo ndani, inagawa kwa mbili mbili mpaka ipate mpigo mmoja kwa sekunde, na huo ndo unausikia tik, tik.

Juu zaidi ya hapo kuna saa za atomu. Tangu 1967 sekunde ya dunia nzima haipimwi tena kwa kuzunguka kwa dunia, inapimwa kwa mawimbi yanayohusiana na atomu ya madini ya sizi (cesium), mawimbi 9,192,631,770 ndo sekunde moja. Mtoto haelewi atomu, sawa, ila wazo analijua tangu siku ya jiwe kwenye uzi: kitu kinajirudia, tunahesabu. Kilichobadilika ni kwamba kinajirudia haraka zaidi na hakichoki. Dunia yenyewe haina mwendo uliolingana kabisa, kuna siku inachelewa kidogo mno, ndo ikanyang'anywa hiyo kazi.

Maswali magumu

"Wakati ulianza lini?" Wanasayansi wanakadiria ulimwengu tunaouona una umri wa miaka kama bilioni 13.8, mpe hiyo, na familia yenye imani yake itaongezea la kwake.

"Tunaweza kuona zamani?" Ndiyo, kila siku. Mwanga wa jua unatumia kama dakika 8 na sekunde 20 kufika kwetu, kwa hiyo jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita. Nyota za usiku ni za miaka mingi nyuma.

"Wakati unaweza kwenda haraka au pole pole?" Jibu rahisi ni kwamba dakika ya kusubiri inahisiwa ndefu ila ni ile ile. Jibu la kweli zaidi ni kwamba saa zenyewe zinaweza kutofautiana kweli kweli. Mwaka 1971 saa za atomu zilipandishwa kwenye ndege za abiria zikazungushwa dunia, ziliporudi zililinganishwa na zilizobaki chini zikakutwa zimepishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama alivyotabiri mwanafizikia Albert Einstein. Setilaiti za GPS, zile zinazoiwezesha ramani ya simu kujua ulipo, saa zake huko juu zinakwenda mbele ya zetu kwa kama maikrosekunde 38 (maikrosekunde ni sekunde moja igawanywe mara milioni) kila siku na lazima zirekebishwe, la sivyo ramani ingekupoteza kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja. Na akikuuliza kama saa ya juu ya mlima inakwenda sawa na ya bondeni, mwambie hapana, ya mlimani inatangulia, ila ni kidogo mno kiasi kwamba saa ya ukutani haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, mpaka saa ya atomu.